Yatosha

Nilivuka Kasumbalesa na mfuko wa vyuma:
springi, nati, mawe ya kilo na nusu kilo.
Mimi mtu wa Tanga, fundi wa mizani,
niliitwa Lubumbashi kwa sababu mizani moja
katika soko la Kenia ilianza kusema uongo.

Asubuhi niliomba maji ya kunywa.
Mwewa, kijana wa nyumba ya wageni, akacheka:
"Papa, unasema sawa kitabu! Huku ni mayi."
Akaleta mayi kwenye kikombe cha bati.
Kiu haikuuliza tahajia.

Alinipitisha njia ya mijakaranda.
Maua yamemwagika mitaroni, zambarau juu ya vumbi jekundu,
nikaona haya kuyakanyaga.
Mbele, bomba refu la moshi, na mlima mweusi
usioota hata jani.
"Mlima gani ule?"
"Haiko mlima. Bankambo walitosha shaba,
uchafu wake ndio ule.
Mtu akitoka mbali akiuona, anajua amefika kwao."

Kutosha. Kwetu ni kuacha kuongeza.
Kwao ni kutoa.
Hilo nililijua baadaye, sokoni,
Mama Numbi akinijazia ndakala kwenye sahani ya bukari,
mimi nikipiga kelele, "Yatosha, mama, yatosha!"
naye, kwa adabu kubwa, akaanza kuwapunguza.

Meza nzima ilicheka. Nikacheka na njaa yangu.
Ndipo akanikatia kipande cha kitu
chekundu kama tofali, kinene kama mkono wa mtoto.
"Nyama ya nini?"
"Haiko nyama. Kikanda."
Viazi vidogo vya porini, vya kuchimba kimoja kimoja
mvua ikishalainisha udongo,
vikatwangwa na karanga, pilipili, magadi kidogo.
Nilitafuna polepole
kama mtu anayesoma barua ya mkwe.

Kisha kazi. Nikafungua mizani yake,
nikafuta kutu, nikapuliza,
na nyuma ya springi nikamkuta mwongo mwenyewe:
kinkubala kimoja, kiwavi mkavu, miguu juu.
Miezi mitatu ya ugomvi na wateja!
Mama Numbi akakikung'uta vumbi,
akakitazama,
akakirudisha kwenye fungu la wenzake.

Turubai lake lilikuwa limebanwa na chuma kizito
chenye mikono minne, cha rangi ya chai.
Msalaba wa shaba. Wa bibi ya bibi yake.
"Zamani ilikuwa pesa."
Nikauning'iniza kwenye mizani iliyopona:
gramu mia sita na arobaini.
"Ungenunua nini?"
"Wengine wanasema mbuzi. Bibi alisema majembe mawili.
Sasa unashika upepo."
Akaurudisha mahali pake, na turubai likatulia.

Mpakani askari alikifungua kifurushi changu cha gazeti.
"Nyama?"
"Haiko nyama," nikasema, na sikutafuta neno.
Alikata kipande chake bila kuomba.

Leo Tanga mke wangu ananimiminia chai.
"Yatosha," namwambia,
kisha nangoja kidogo, kikombe mkononi,
nione kama atapunguza.