Mimea Sita

Anahí ana mimea sita ya bangi roshanini,
ghorofa ya tatu, mtaa wa Palermo, Montevideo.
Sita, si saba: serikali imehesabu,
naye anayo kadi yake ya usajili
yenye picha aliyopigwa siku ana mafua.
Huimwagilia asubuhi kabla hajaoga,
amevaa fulana yangu,
na kila mmoja ameupa jina la shangazi aliyekufa.

Mimi sinywi. Sivuti.
Hata keki iliyolowekwa ramu
naisukumia ukingoni mwa sahani.
Watu huuliza: ni dini?
Laiti ingekuwa dini. Dini ina sikukuu.
Yangu ni baba, Wilson Etchart, fundi wa lifti,
aliyekuwa akirudi Ijumaa na nusu ya mshahara
na viatu vya mtu mwingine.

Jioni ya kwanza yeye aliagiza divai nyekundu,
mimi soda ya balungi,
mhudumu akaviweka kinyume.
Tukabadilishana glasi bila kusema neno,
nikadhani, basi, hivi ndivyo itakavyokuwa.
Nilidhani mengi.

Sikujua kwamba harufu ina miguu,
kwamba hupanda kitandani kabla ya mwenyewe.
Sikujua kwamba akishavuta hucheka polepole,
kicheko cha msomaji wa barua
asiyetaka kukuonyesha barua,
nami niko pale pale, macho makavu,
nahesabu vigae vya jikoni.

Hajanitukana hata siku moja. Hajavunja kikombe.
Anafundisha hesabu watoto wa miaka kumi na miwili
na wanampenda, hata wanaofeli.
Hilo ndilo linalonishinda.
Baba aliniachia kipimo kimoja tu
na Anahí hapimiki nacho.
Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.
Sawa.
Lakini methali haisemi afanye nini
akiupenda ung'ongo.

Desemba, Paysandú, kwa dada yake,
nyama ikiiva taratibu juu ya makaa,
shemeji Gualberto alinijazia glasi bila kuniuliza.
"Nusu tu. Haikuui."
Meza nzima ikanyamaza kunitazama
kama mtu aliyefungua mwavuli ndani ya nyumba.
Anahí akaivuta ile glasi, akainywa mpaka chini,
kisha akanywa na yake.
"Ana sababu zake," akasema, "na hazikuhusu."

Nilimpenda pale kuliko siku zote.
Nikaendesha mimi kurudi, karibu kilomita mia nne,
yeye amelala mdomo wazi kando yangu,
ananuka kilichonitetea.

Tulipofika nilimwambia: punguza.
Akaniambia: pumzika.
Maneno mawili yanayofanana herufi ya kwanza,
tukayalalia kila mtu upande wake.

Wiki hii hayupo, amekwenda Salto na wanafunzi.
Ameniachia karatasi kwenye friji:
*Maji asubuhi, si mchana. Delmira usimzidishie.*
Basi nimesimama roshanini na mtungi,
mtoto wa mlevi, yaya wa bangi,
jirani wa ng'ambo akinipungia mkono
kwa heshima ambayo hajawahi kunipa.

Jani moja la Delmira limegeuka njano.
Najua ningeweza kusahau.
Siku nne za jua la Novemba zingemaliza kazi,
wala nisingehitaji uongo mrefu.
Nalichuma lile jani. Nanusa vidole:
ni shingo yake, Jumapili, dirisha wazi.

Naingia ndani, nanawa mikono kwa sabuni, mara mbili.
Kisha natoka tena kumpa Delmira maji,
kidogo,
kama nilivyoagizwa.