Sekunde Tano kwa Kitunda

Nimekaa na faili la mipangilio
tangu treni ya Mpanda ilipopiga honi.
Mistari kumi na minne tu,
ila kila mmoja una mtu nyuma yake.

Seva zetu ni tatu:
moja hapa Kanyenye, juu ya duka la ndoo,
moja Nzega,
moja Kaliua, katika ghala lililowahi kuwa la tumbaku,
mafundi hutoka humo wakipiga chafya.
Zote zinabeba daftari lile lile la asali.
Moja ikizimika, mbili husema kwa niaba yake.
Ndivyo mkataba unavyosema.

Mstari wa kwanza: anwani.
Mteja usimpe mlango mmoja.
Mpe yote mitatu, abishe hodi kwa zamu.
Mwaka juzi tuliandika wa Kanyenye peke yake;
umeme ukakatika saa nne asubuhi,
mizani za Sikonge zikasimama kama mbuzi kwenye mvua,
na Nzega inawaka, haina kazi, haijaulizwa neno.

Mstari wa tano: muda wa kusubiri.
Usoke hujibu kabla sijapepesa.
Kitunda, karani Ndulu hupanda kichuguu kwanza,
simu juu, shingo juu.
Nilikuwa nimeandika sekunde moja.
Kila alipofika katikati ya sentensi
nilimfungia, naye akaanza upya,
akaanza upya,
mpaka njia zote kumi zikajaa sauti yake peke yake
na Urambo ikakosa pa kupita.
Sasa nimempa tano.
Akikosa, angoje kidogo, kisha mara mbili ya kidogo,
kisha mara mbili tena.
Anayegonga mfululizo hafunguliwi mapema,
anamwamsha tu mgonjwa.

Mstari wa tisa ndio ulioninyima usingizi.
Ili karani asiiulize Tabora bei kwa kila ndoo,
tuliacha nakala ya jibu pale pale mizanini,
kama chumvi inavyokaa kando ya jiko, si dukani.
Kazi ikawa nyepesi. Watu wakatupongeza.
Hatukuiambia lini isahau.

Jumanne bei ikapanda.
Tabora ilijua, Nzega ilijua, Kaliua ilijua.
Kitunda ikaendelea kuapa kwa bei ya Jumatatu
siku tisa.
Bi Nyamizi Shigela akalipwa ndoo sita
kwa bei iliyokwisha kufa.
Akatia saini. Akashukuru.
Hilo la kushukuru ndilo.

Nilimpelekea nyongeza mwenyewe, kwa pikipiki.
Akahesabu mara mbili.
"Kwa hiyo mashine yenu ilinidanganya?"
Nikasema haikudanganya, ilikumbuka.
"Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo,
mpaka anazikwa alitaja nauli ya mwaka aliponioa."
Akacheka, bila kunisamehe.

Basi: sekunde sitini, kisha jibu lioze.
Na bei ikibadilika, isingojwe hata hiyo dakika,
Tabora iwaite wote kwa majina:
tupeni mlichonacho, ulizeni tena.

Nilikuwa nakagua nukta na mabano
mama akapiga kutoka Urambo.
Akauliza kama bado naogopa nyuki.

Sijaogopa nyuki tangu darasa la nne.
Nilishafungua mdomo nimsahihishe.

"Kidogo tu, mama," nikasema,
nikahifadhi faili.