Korongo

Nilimwambia mama nimepiga picha korongo.
Akaacha kuchambua mchele.
"Korongo ndege? Yuwapi siku hizi?
Udogoni mwangu walikuwa wakitua matopeni kule Makupa,
wamesimama mguu mmoja, kama wageni waliokosa kiti."
La, mama. Korongo la ardhi. Bonde lililochanika.
Aliyeruka ni mimi.

Tuliondoka alfajiri, ndege ya viti vinne,
mlango wa upande wangu umeng'olewa ukaachwa Changamwe.
Rubani Dzombo alitafuna tangawizi, hasemi neno.
Minazi ikaisha. Mto ukaisha.
Barabara ikawa uzi, uzi ukakatika,
na saa nzima hapakuwa na kitu cha kuangalia
ila kivuli chetu, kikijiburura juu ya changarawe.

Kisha chini pakafunguka.

Kivuli kilikuwa hapa, karibu, saizi ya nzi,
ghafla kikatumbukia,
nikakiona mbali huko kikihangaika kupanda ukuta
wa rangi ya bizari, wa rangi ya damu ya juzi,
wa zambarau iliyopondwa na watoto.
Dzombo akailaza ndege ubavu.
Mkanda ukanibana, upepo ukaniingia kinywani
ukala bismillahi yangu kabla sijaimaliza.
Nikabonyeza, nikabonyeza.
Kuna picha arubaini za kidole gumba changu.

Wenye kazi walitaka vipimo: kina, upana,
wapi lori laweza kushuka.
Niliwapa vyote. Moja nikaibakisha,
nikaichapisha kubwa kama sinia la biriani
nikamwekea mama mapajani, hapa Kibokoni,
maana macho yake yameingia ukungu tangu mfungo wa mwaka juzi
na daktari kila tukienda hutupa tarehe nyingine.

Akaipapasa. "Laini," akasema. "Kama kioo.
Hapa pana nini?"
Hapo ndipo penyewe, mama. Mita mia tatu kwenda chini.
"Mbona kidole changu hakikuanguka?"

Sikuwa na jibu.
Nikajaribu: ni kama halua iliyokatwa kwa kisu butu.
Ni kama mkate wa sinia uliopasuka juu. Ni kama…
"Nani aliyekata?"
Maji.
"Maji, jangwani?"
Yalikuwapo zamani, yakenda zake.
"Aa. Kama ya mfereji wetu."

Akainuka, akanishika kiwiko,
akanipeleka ukumbini pale ukuta ulipobambuka
nyuma ya kabati, tangu bomba lilipovuja.
Akatia kidole katika ufa, juu,
akawa anashuka nacho polepole.
"Hii nyeupe ni ya harusi ya Mwanaisha.
Hii buluu alileta babako aliporudi Bahareni,
ilinuka mwezi mzima.
Hii kijani sikuitaka, ni mamake aliyeitaka.
Hapa tulipaka kwa haraka, palikuwa na matanga,
shika, waona inavyokwaruza?
Hapa hujazaliwa."
Kidole kikaendelea kushuka.
Nikajikuta nimeshika kabati kwa mkono mmoja
kama nilivyoshika fremu ya mlango ule usiokuwapo.

Chini ya chokaa zote, kwenye jiwe lenyewe,
kikasimama. Kome,
amekwama humo na mistari yake yote,
mdomo wazi kidogo.
"Huyu," mama akacheka, "hajaambiwa
kwamba bahari imehama."

Nje mkokoteni wa maji ulikuwa ukipita,
mitungi ikigongana, mchukuzi akiita bei,
imepanda tena shilingi tano.
Mama akanituma nichukue miwili.
Niliporudi, picha ilikuwa sakafuni, uso chini,
na yeye bado yuko ukutani,
ameinama kama rubani,
anatafuta mahali pa kushukia.