Shubiri Moja Kutoka Chini

Waya wa chini kabisa niliufunga mwenyewe,
shubiri moja kutoka ardhini, nikaukaza kwa koleo
hadi ukalia nilipoudonoa kwa ukucha.
Nungunungu alikuwa amenilia viazi matuta matatu,
na mimi, fundi umeme wa manispaa miaka thelathini na moja,
ningeshindwaje na mnyama wa kuchimbachimba?

Kisanduku nilikitundika ukutani, nyuma ya pipa la mvua.
Tak, kilisema. Kikanyamaza. Tak.
Mpigo mmoja kila sekunde, kama saa ya mtu asiye na haraka.
Kijitabu chake kiliandikwa: umeme huu huumiza, hauui.
Nilikiamini. Kazini niliwahi kuandika vya namna hiyo.

Mbwa wa akina Jantjies alikuwa wa kwanza.
Aligusa kwa pua, akatoa mlio mmoja mrefu,
akakimbia na mkia tumboni hadi barabara ya reli.
Paka wetu alijifunza kwa sharubu,
akarudi akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.
Nikacheka.
Naandika hapa, ili nisije nikalikana: nilicheka.

Kobe sikumkumbuka.

Kobe wa Bibi Hendrina Swiegers, jirani wa upande wa makaburi,
aliitwa Kanali, na alikuwa mzee kuliko ndoa yangu.
Kaka yake Hendrina alimwokota njiani, mwaka wa nzige,
Karoo nzima ikiwa kavu kama ngozi ya ngoma.
Mgongoni alipakwa tone la rangi ya kijani
ili mkata nyasi asimpitie.
Jua likishapasha mawe, alipenya chini ya ua
kuja kula tini zangu zilizoanguka,
akitafuna bila aibu, utamu ukimtiririka kidevuni.

Husemwa mwenda pole hajikwai.
Sijui kama aliyesema alikuwa ameona waya.

Hesabu niliifanya baadaye,
na bado naifanya, saa nane za usiku, bila kuombwa:
niliondoka saa nne asubuhi kufuata vidonge vya presha kliniki,
foleni ikawa ndefu, nikarudi saa kumi jioni.
Saa sita. Mipigo elfu ishirini na moja na mia sita.
Mbwa hupigwa mara moja, akaruka.
Kobe hana kuruka.
Hufanya walichofanya wazee wake mbele ya mbweha, mbele ya mvua ya mawe,
mbele ya kila kilichowahi kuja kikaondoka:
huingia ndani, hufunga mlango, hungoja kipite.
Tak.
Na hiki hakipiti.

Waya ulikuwa umemkalia pale shingo inapoingilia.
Tini moja ilikuwa hatua mbili mbele yake, hatua zake, si zangu.
Nilizima kisanduku, nikasikia njiwa,
ambao labda walikuwa wakilia mchana kutwa.

Nilimbeba juu ya sinia ya mkate, nimemfunika taulo.
Bibi Hendrina alisukuma mlango kwa fimbo.
Aliinua pembe ya taulo, akairudisha.
"Alikuwa amejificha, Mzukisi?"
Ndiyo, mama. Kichwa na miguu yote.
"Basi alidhani ni watoto," akasema.
"Wajukuu humgonga gambani kwa kijiko.
Huwa anawangoja wachoke."

Waya wa chini nimeukata. Uliobaki unapita juu ya goti.
Nungunungu hakuchelewa kupata habari.
Usiku namsikia matutani, akitafuna viazi vyangu kwa sauti
kama mtu anayekula mezani kwake,
na mke wangu ananisukuma kwa kiwiko: amka, mfukuze.

Siamki.
Najikunja ndani ya blanketi, kichwa na miguu yote,
nangoja ashibe.