Bomba la Shaba

Baba alinikataza mapema, kule karakana ya Suhar:
gesi ya kuchomelea haipitishwi bomba la shaba.
Hakueleza. Alininyooshea mkono wa kushoto,
vidole vitatu, na nafasi ya viwili.

Leo nipo Al-Khoudh, ghorofa ya pili,
kiyoyozi kinanguruma, nje nyuzi arubaini na sita,
na kazi yangu, Baba, ni hiyo hiyo uliyonikataza,
ila kwa chembe, kwa glavu,
ndani ya sanduku lisiloingia hewa.

Tazama. Kaboni mbili zimeshikana mara tatu,
zimenyooka kama uzi wa mwashi.
Shaba haiwaingilii kichwani. Huja ubavuni,
ikaegemea pale pale penye fundo,
ikapewa kidogo, ikarudisha kidogo,
hata kaboni zikalegeza mkono, zikapinda mabega
kama watu wanaojisogeza mkekani kumpisha mgeni.

Fedha ni mgeni wa kahawa:
amekaa, ametikisa kikombe, ameondoka.
Dhahabu hung'ang'ania.
Hupokea bila haya, na kurudisha hurudisha kwa kuhesabu.

Kisha naongeza volti, polepole,
mstari unapanda kilima kwenye skrini.
Shaba inaachia elektroni moja
na kimiminiko kilichokuwa hakina rangi
kinageuka kijani cha maji ya Wadi Jizzi
yanayopita chini ya vilima vya mavi ya chuma cha kale.
Nageuza. Kilima kinateremka njia ile ile,
karibu ile ile.
Nimeandika "karibu" daftarini, nikapigia mstari.

Chupa ya fedha niliisahau dirishani wiki ya Idi.
Niliporudi, mwanga ulikwishaiachanisha:
kaboni huku, chuma huku,
na kioo chembamba kimejibandika ndani ya ukuta.
Nikainama. Pua ya Baba ikanitazama.

Usiku alipiga simu.
Kiswahili chake cha Wete hakijaingia chumvi
miaka hamsini hii.
"Bado unachezea shaba na gesi?"
"Bado."
"Zinapendana nini hata ziuane?"
Nikamweleza kupewa na kurudisha,
mkeka, mabega, kilima kinachorudi.
Akasikiliza mpaka mwisho, fundi kwa fundi.
"Na zikikauka?"
"Hatuziachi zikauke, Baba."

Kimya.
Nikasikia dele likigusa kikombe,
kahawa ikishuka,
na kikombe hakikutikiswa.