Breka ya Saba

Chumvi ya Amu haibishi hodi.
Hupenya nyufa za kabati la chuma
ikatanda juu ya shaba kama pumzi kiooni.
Naijua kwa harufu, kabla ya tochi.

Nimeanza na breka ya tatu, mlalamishi,
inayozima Langoni nzima
kila friji za samaki zinapoanza kwa pamoja,
na watu hunitukana mimi, si friji.
Nimepuliza vumbi, nimekaza nati,
nimemtoa mjusi aliyekauka,
mkia kwenye waya mmoja, kichwa kwenye wa pili.

Ya saba ni ya hospitali.
Miaka sita haijazima hata mara moja.
Daftarini, kwa mwandiko wa Shee Famau:
Nzuri. Nzuri. Nzuri.
Hata Machi ile, mwandiko ukiyumba:
Nzuri.

Nikahamishia wodi kwenye jenereta,
nikavaa glavu, nikaipa mkondo wa majaribio,
mdogo, kisha mkubwa,
kisha ule wa kuunguza nyaya.
Haikuachia.
Springi imeganda kwa kutu, imekaza
kama taya la mtu aliyeapa kutosema.

Kazi ya breka ni moja:
kujua wakati wa kuachia.

Shee naye nilimuuliza, pale ngazini, akihema,
sanduku la spana begani, mkono mwingine kifuani:
Hali vipi, mwalimu?
Nzuri, akasema,
akapanda.

Nimeandika: Mbovu. Ibadilishwe leo.
Nimekandamiza kalamu
hadi karatasi ikatoboka.