Kati ya Mwizi na Wezi

Mita nne za waya wa shaba,
zilizokatwa kwenye nguzo ya umeme nyuma ya soko, Katuba,
usiku wa mvua, kwa msumeno wa kuazima.
Hilo hatulikanushi. Umba Mukalay alikata,
Umba akabeba begani, Umba akauza kwa kilo
kwa mtu ambaye mahakama haikumwita.
Mwizi: miaka mitatu. Hesabu hiyo nimeizoea.

Halafu prokireri akainua picha.
Vijana kumi na mmoja, fulana nyeupe za aina moja,
kifuani uso uleule,
kitambaa chekundu kila mkono.
"Chama cha waovu," akasema polepole,
kama mtu anayehesabu noti za mwenzake.
Akaomba ishirini.

Ngeli ni kitu kidogo.
Mwalimu wetu pale Kamalondo alituchapa kwa ajili yake:
mwizi, wezi; mwovu, waovu.
Hakutuambia kwamba katikati hapo
panaweza kulazwa kijana miaka kumi na saba
juu ya simenti ya Kasapa.

Nikasimama. Joho langu nalo la kuazima.
Nikasema: Mheshimiwa, uso ule ni wa Chalwe,
aliyefukiwa shimoni akitafuta mawe ya kuuza.
Kwenye kilio ndivyo tunavyovaa.
Kitambaa ni kimoja, kilichochanwa mara kumi na moja,
pazia la chumba cha mama yake.
Chama? Ndiyo, kilikuwepo.
Kilinunua sanduku.

Nikatoa daftari la shule, jalada limeliwa na maji.
Kabange, elfu tano.
Nshimba, elfu tatu na gunia la makala.
Sando, elfu kumi.
(Sando ana panga. Kartie nzima inajua.
Sikuulizwa, sikusema.)
Umba, bado.

Lile *bado* lilikuwa limekatwa kwa mstari,
na pembeni, kwa wino mwingine, elfu nane,
na tarehe: siku moja baada ya waya.

Nililiona jana usiku, kwa mshumaa,
maana mtaani kwetu hakuna umeme
tangu waya ule ulipokatwa.
Ukurasa mmoja ulisema chama ni cha mazishi,
na ukurasa huohuo ulisema
aliiba kwa ajili ya chama.
Nikalifunga. Nikalifungua.
Nikafikiria kulisahau mezani, chini ya sahani.
Nani angekubali kunisomea nusu ya ukurasa?

Hakimu akavua miwani.
"Na hapa palipofutwa?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu lenye vifungu vya sheria.
Likanitoka.
Nikasema: Mheshimiwa, aliona haya.
Kumi walikuwa wametoa, yeye ndiye bado.
Hakutumwa na mtu. Kilichomtuma ni aibu,
na aibu haina memba, haina fulana.
Usiku ule, na msumeno wake kwenye mvua,
hapakuwa na mtu mpweke kuliko yeye Lubumbashi nzima.

Prokireri akacheka kidogo, bila ubaya,
akaandika kitu.
Hukumu Alhamisi.

Nje, mama yake amekalia bidoni la njano,
bukari imefungwa kwenye leso, imeshapoa.
Hakuniuliza ni miaka mingapi.
Aliuliza, "Metre, wamemuhesabu na nani?"

Ng'ambo ya barabara, vijana kumi:
mmoja kwa muuza vocha, mmoja anafunga kamba ya kiatu
iliyokwisha kufungwa,
wawili wamepeana mgongo, Sando mbali kabisa, chini ya ukuta.
Mimi ndiye niliyewakataza kusimama pamoja.

Gari la Kasapa likawaka.
Hakuna aliyepunga mkono.
Kila mmoja alitazama upande wake
kama mtu asiyemjua mwenzake,
vizuri, vizuri sana,
kama nilivyowafundisha.